Vifungo, Riale na Mali Iliyofukiwa: Hukumu ya Vitu Vinavyochimbuliwa kwa Mashine Visiwani

AlhamduliLlaah, Rabb wa walimwengu wote, na Swalah na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake wote.

Amma ba'd. Mashine za kutafuta vyuma ardhini, ambazo vijana huziita ditekta, sasa zinaonekana pia katika fukwe na mashamba yetu. Mwenye nayo hutembea taratibu akipitisha bamba lake juu ya mchanga, likilia anachimba. Mara nyingi hupata vizibo vya soda na misumari. Siku nyengine hupata kifungo cha shaba, pesa ya zamani, pete, au riale ya fedha. Hapo ndipo huanza maneno: "Hii ni rikazi. Natoa khumsi, zilizobaki zangu."

Kauli hiyo imeenea mpaka imekuwa kama fatwa. Makala hii inaeleza kwa nini katika visiwa vyetu kauli hiyo kwa kawaida si sahihi, mali inayopatikana inakwenda wapi, na namna ya kukihifadhi na kukisafisha kitu mpaka hukumu yake ijulikane.

RIKAZI NI NINI

Ni kweli kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alifundisha kuwa katika rikazi hutolewa khumsi, yaani sehemu moja katika tano. Hadiyth hiyo ameipokea Abu Hurayrah (Radhiya Allaahu 'anhu) na imo katika Al-Bukhaariy na Muslim. Tatizo si hukumu, tatizo ni watu kulichukua neno rikazi wakalivika kila kitu kilichotoka chini ya ardhi.

Kwa Wanazuoni wa madhehebu ya Imaam ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo yanayofuatwa na watu wengi wa mwambao, rikazi ni mali iliyofukiwa na watu wa zama za Jaahiliyyah, kabla ya Uislamu kuwafikia. Alama yake ni kama jina la mfalme wao au sanamu yao. Wakaongeza masharti: iwe ni dhahabu au fedha, ifikie nisabu, na ipatikane katika ardhi isiyo na mwenyewe au ardhi ambayo aliyeipata ndiye aliyeihuisha. Ikitimia hivyo, khumsi hutolewa papo hapo bila ya kungoja mwaka. Wanazuoni wa madhehebu nyengine wana upana zaidi. Mahanbali, kwa mfano, huingiza mali ya kila aina, iwe kidogo au nyingi, hata shaba na chuma. Lakini sharti la kuwa mali ni ya Jaahiliyyah halikuachwa.

Kwa hiyo ikiwa kitu kina alama ya Kiislamu, kama Aayah, jina la Allaah au jina la mtawala Muislamu, si rikazi. Mwenyewe akijulikana hurudishiwa. Asipojulikana, kitu hicho huwa luqata, yaani kitu kilichookotwa. Na ikiwa hakina alama yoyote na haijulikani ni cha zama zipi, kauli yenye nguvu kwa Mashaafi'iy ni kwamba nacho pia ni luqata.

VISIWA VYETU NI ARDHI YA WAISLAMU TANGU ZAMANI

Sasa tazama ardhi tunayoichimba. Huko Shanga, kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwengine kuanzia karne ya 8 Miladi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladi. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbaji walikuta lundo la sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Zile za fedha zina majina ya watawala Waislamu wa mwambao huu, na maandishi ya kumtegemea Allaah. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nazo ni hivyo hivyo: jina la mtawala upande mmoja, kumtaja Mola upande wa pili.

Hiyo si mali ya Jaahiliyyah. Ni mali ya Waislamu wenzetu waliotutangulia, na huenda ni babu zetu kwa nasaba.

Kuna watu walioishi hapa kabla ya Uislamu kufika, hilo halikanushwi. Ila athari zao za kawaida ni vigae vya vyungu, shanga na mavi ya chuma, si mitungi ya dhahabu.

Wengine husema: "Lakini hii ina picha ya mwanamke Mzungu." Wanakusudia riale ya Maria Theresa, yenye tarehe ya 1780. Riale hiyo ilikuwa ndiyo fedha ya biashara ya karafuu, ya mahari na ya akiba katika nyumba za Waislamu wa Unguja, Pemba, Lamu na Oman katika karne ya 19. Sura iliyomo haimfanyi aliyeifukia kuwa mtu wa Jaahiliyyah. Vivyo hivyo rupia za India, na hata zile sarafu za Kichina za nasaba ya Song zilizowahi kupatikana Kajengwa, Makunduchi, kwani zilizikwa katika nchi ambayo Uislamu ulikuwa umeshaingia. Na kinyume chake pia ni kweli: pesa za kampuni ya Wajerumani za 1890 hadi 1892 zina maandishi ya Kiarabu, na hazikutolewa na mtawala Muislamu. Kinachotazamwa ni nani aliyeiweka pale na lini. Lugha ya maandishi peke yake haitoshi.

NYUMBA ZA ZAMANI NA WALIOONDOKA

Hapa ndipo penye uzito mkubwa, na ndipo watu wanapopapita haraka.

Kabla ya benki kuzoeleka, akiba ya mwanamke wa kisiwani ilikuwa ni vikuku, kanda, mikufu, vipini na riale, na salama yake ilikuwa ni kasha au shimo chini ya sakafu. Wengi walikufa bila ya kumwambia mtu. Wengine, hasa Unguja na Pemba mwaka 1964, waliondoka kwa haraka na hawakurudi. Watoto na wajukuu wao wako hai. Wako Muscat, Dubai, Mombasa, Uingereza, na wengine wako mtaa wa pili. Fundi anayechimba msingi au kijana anayepitisha ditekta katika gofu la nyumba akakuta kopo lenye mikufu, huyo hakupata rikazi. Amekuta mirathi ya watu.

Fuqahaa wameweka utaratibu. Mali iliyofukiwa ikipatikana ndani ya ardhi au nyumba yenye mwenyewe, ni ya mwenye nyumba ikiwa anasema ni yake. Akisema siijui, anarejewa aliyemuuzia, kisha aliyekuwa kabla yake, na warithi wao, kwenda nyuma hivyo hivyo. Fundi na kibarua hawana haki katika hiyo mali kwa sababu tu jembe lilikuwa mkononi mwao. Na aliyenunua nyumba mwaka jana asijidanganye nafsi yake: yeye amenunua kuta na paa, hakununua dhahabu ya bibi asiyemjua. Kwanza amwite aliyemuuzia na amtake aeleze alama za kitu kabla ya kuonyeshwa.

Na bibi akifariki, zikakutwa riale ndani ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe, hiyo ni tarika. Inagawiwa kwa warithi wote, wanaume na wanawake, baada ya madeni na wasia. Asijifiche nazo mjukuu aliyekuwa akibomoa ukuta.

Faida nyengine kwa familia zenye riale kabatini: kila riale ya Maria Theresa ina uzito wa takriban gramu 28, na fedha safi ndani yake ni kama gramu 23.4. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo Wanazuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa gramu 595. Kwa hiyo mwenye riale 26 zilizokaa mwaka mzima ameshafikia nisabu, na ana Zakaah ya robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5. Watu huzihesabu kama kumbukumbu wakasahau kuwa ni fedha.

KUTANGAZA LUQATA, NA KIFUNGO JE?

Katika Hadiyth ya Zayd bin Khaalid al-Juhaniy (Radhiya Allaahu 'anhu), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimuelekeza aliyeuliza kuhusu kitu kilichookotwa akitambue chombo chake na kamba iliyofungiwa, kisha akitangaze mwaka mmoja. Mwenyewe asipokuja, aliyeokota anaweza kukitumia, lakini akija baadaye ana haki yake.

Kutambua chombo na kamba kwa zama zetu ni kuandika: kimepatikana wapi, kina gani, kilikuwa ndani ya nini, vipande vingapi, uzito gani. Piga picha, lakini usizirushe zote katika makundi ya WhatsApp. Tangaza kwamba kuna vito vimepatikana mtaa fulani, na alama uziweke siri ili mwenyewe azitaje. Hutangazwa sokoni, bandarini, redioni na mlangoni mwa msikiti baada ya Swalah. Ndani ya msikiti hapana, kwani imekatazwa kutangaza vilivyopotea humo. Mwanzoni hutangazwa mara kwa mara, kisha kila wiki, kisha kwa kadiri isahaulike. Ikiwa dalili zinaonyesha kuwa wenyewe waliondoka nchini, tangazo lifike huko walipo. Leo hilo halina gharama.

Ama kifungo cha shaba, kizibo cha chupa cha zamani, bizimu ya mkanda au pesa moja iliyoliwa na kutu, hivi ni vitu hafifu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita njiani akaona tende moja, akabainisha kuwa lililomzuia kuila ni kuchelea tu isiwe ni ya sadaka. Wanazuoni wakachukua kutokana na hapo kwamba kitu ambacho mwenyewe hakitafuti tena hakihitaji kutangazwa mwaka. Kwa hiyo kifungo cha kawaida aliyekipata pasipokatazwa ni chake, na hakuna khumsi ndani yake. Isipokuwa kifungo cha dhahabu au cha fedha: hicho kina thamani na hukumu yake ni ya luqata. Akija kukimiliki mwanamume, asikivae kifungo cha dhahabu halisi, na fedha kwa mwanamume katika madhehebu yetu ni pete.

MALI YA KALE MNO, NA SHERIA YA NCHI

Mtu atauliza: lundo la sarafu la miaka 900 nitalitangaza kwa nani? Hapa Mashaafi'iy wana kauli mbili. Wengi wao wamesema ni luqata kama luqata nyengine. Baadhi yao wakasema mali iliyofukiwa kwa kusudi haikudondoka, kwa hiyo si luqata bali ni mali iliyopotelewa na mwenyewe, na mahali pake ni kuhifadhiwa, ima na aliyeipata au na kiongozi katika Baytul-Maal. Kauli hii ya pili ndiyo inayotutua moyo kwa vitu vya kale vya visiwani, kwani ni mali ya umma uliopita na hakuna matumaini ya kumpata mrithi maalumu.

Nayo inakubaliana na sheria zilizopo. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na inakataza kuchimba bila ya kibali. Zanzibar ina sheria yake ya kuhifadhi majengo na vitu vya kale, ambayo asili yake ni ya 1948. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kiongozi akizuia jambo la mubaha kwa maslaha ya watu, hutiiwa katika wema. Kwa hiyo aliyekuta lundo la sarafu, kigae chenye maandishi au jiwe la kaburi asiendelee kuchimba. Aache kitu mahali pake, afunike, na awape taarifa wahusika wa mambo ya kale kupitia kwa sheha au mkuu wa eneo. Kitu kilichong'olewa pahala pake kimepoteza nusu ya habari zake, hata kikipelekwa makumbusho siku ya pili.

Vijana wengi hujifunza kazi hii kwa video za Uingereza, nako mambo ni tofauti. Kule anayetaka kutafuta huomba ruhusa ya mwenye shamba, na huruhusiwa sehemu nyingi isipokuwa maeneo yaliyolindwa. Hata hivyo Sheria ya Hazina ya 1996 inamtaka atoe taarifa ndani ya siku 14 akipata, kwa mfano, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri wa miaka 300 na zaidi. Vifungo vya jeshi kwa kawaida havimo, ndiyo maana unawaona wakivitia mfukoni. Ndugu zetu wanaoishi huko wafuate ya huko. Aliyeko Pemba asifuate ya huko.

Ruhusa ya shamba nayo ina pande mbili Zanzibar, kwa sababu ardhi ni ya Serikali na mikarafuu ina wenyewe. Ruhusa ya mwenye miti haitoshi peke yake. Ardhi ya wakfu iko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na msimamizi wa msikiti hana mamlaka ya kumruhusu mtu achimbe kiwanja chake. Makaburi hayaguswi kabisa, yawe ya Waislamu au ya wasiokuwa Waislamu, hata kama mashine inalia. Na chuma kizito chenye umbo la risasi kubwa kisiguswe: visiwa vyetu vimepigwa mizinga mwaka 1896, na Vita Vikuu vya Kwanza vilifika Mafia na bandari ya Unguja.

Lipo na la waganga. Mtu huja akasema mahali fulani pana "mali ya Mjerumani" inayolindwa na jini, inataka kuku mweusi au mbuzi ndipo ifunguke. Kuchinja kwa ajili ya jini ni shirki, na kumsadiki kuhani ni jambo zito kwa iymaan ya mtu. Kwa kawaida hazina yenyewe huwa ni pochi ya huyo anayeambiwa.

KUSAFISHA

Kusafisha nako kuna hukumu, kwani kitu cha luqata ni amana mkononi mwako, na ukikiharibu kwa uzembe unadaiwa. Vitu vingi zaidi vinaharibikia jikoni kuliko ardhini.

Desturi yetu ya kung'arisha masinia ya shaba kwa ukwaju, ndimu na chumvi, au majivu, isitumike kabisa. Tindikali ya ndimu inakula shaba yenyewe, na majivu na mchanga vinakwaruza. Sarafu ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 Hijria, ile pesa ya shaba yenye picha ya mizani, ikisuguliwa kwa ndimu inang'aa kama mpya na maandishi yake yanaondoka. Ule utando wa kahawia au kijani kibichi uliotulia juu ya shaba ndio unaoilinda. Uache.

Kifungo kikitoka ardhini kiache kikauke kivulini siku moja au mbili. Kisha kipigwe brashi laini ya meno, kikavu, na udongo uliong'ang'ania utolewe kwa kijiti cha mti kilicholainishwa ncha, si sindano wala kisu. Vifungo vingi vya sare vya karne ya 19 vilipakwa dhahabu nyembamba sana juu ya shaba, na ukisugua kwa dawa ya kung'arishia inaondoka kwa mara moja. Vyengine vimeungwa vipande viwili na ndani ni vitupu, maji yakiingia hayatoki na kifungo huoza kwa ndani. Hivyo usiviroweke. Geuza nyuma kabla ya kufanya lolote: mara nyingi pana jina la mtengenezaji na mji wake, na hilo ndilo linalosaidia kukadiria umri wake. Mbele ukiona nanga na kamba, ni dalili ya jeshi la majini.

Kitu cha risasi, kile kijivu kizito kinacholainika ukucha ukipita, kishikwe kwa glavu na kisipewe watoto, kwani ni sumu. Dhahabu haipati kutu, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha. Fedha isisuguliwe. Sarafu iliyotoka ufukweni ina chumvi ndani yake, na chumvi hiyo ndiyo huleta unga wa kijani mpauko unaoendelea kuila shaba hata ndani ya kabati. Isuuzwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, kama ya mvua, ikaushwe vizuri, kisha iwekwe ndani ya kikopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu. Unga ukirudi, kitenge na vyengine. Lundo lililoshikana lisitenganishwe nyumbani, hiyo ni kazi ya wataalamu wa makumbusho.

Kuhusu twahara, udongo wa ufukweni na shambani asili yake ni twahara, na kutu si najisi. Kikitoka jalalani au pahala pa choo, kioshwe kwa maji mpaka uchafu uondoke. Na sarafu yenye jina la Allaah iheshimiwe: isiingizwe chooni mfukoni, isitobolewe ikawa kidani cha mapambo kinacholaliwa, na mabaki yake yaliyovunjika yasitupwe jaani. Kuivaa kama hirizi haijuzu.

Anayemiliki kitu kwa njia iliyo sahihi anaweza kukiuza. Kilicho na shaka kuhusu mwenyewe au umri wake apelekewe Kadhi na wahusika wa mambo ya kale kabla hakijafika kwa sonara, kwani sonara hununua kwa mizani na moto wake haurudishi kitu.

Wa Allaahu A'lam.